Vinini vinne vyenye mkia mmoja: propranololi, atenololi, bisoprololi au karvediloli?

Mama alifungua ncha ya kitenge chake akanitolea kipande cha plaketi kilichokatwa kwa makasi. Kilikuwa na vinini vitatu. Hapa Bukavu wengi hununua dawa hivyo, vichache vichache kadiri ya pesa ya siku, na muuzaji anakata pale panapokatika. Safari hii makasi yalikuwa yamepita katikati ya jina. Kwenye karatasi ya fedha ya nyuma kulibaki herufi nne na namba: "olol 40".

"Mwanangu," akaniambia, "roho inanipigapiga. Jirani akanigawia zake, yeye anakunywaka na zinamusaidia. Lakini tangu nianze, usiku pumzi inakosekana."

Nikamkalisha, nikamshika mkono na kuhesabu dakika nzima. Mapigo 56. Nikaweka sikio la chombo mgongoni mwake, na kila pumzi iliyotoka ilitoka na mluzi. Alikuwa na pompe yake ya pumu kwenye mkoba. Akasema ameipuliza tangu alfajiri na haimsikii.

Hapo nikajua ni kinini gani kilichokuwa mkononi mwangu, ingawa jina lilikatwa. Atenololi huja kwa miligramu 25, 50 au 100. Bisoprololi haizidi 10. Karvediloli ina namba zake za ajabu: 3.125, 6.25, 12.5, 25. Kati ya hizi nne ninazoziona kila wiki, yenye 40 ni propranololi. Na propranololi kwa mtu mwenye pumu ni hatari.

Nimekuwa muuguzi katika vituo vya mtaani kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko mengine juu ya dawa hizi za kutuliza mapigo ya moyo ni hili: "Ipi ina nguvu?" Ninaandika ili swali hilo libadilike. Vinini hivi havitofautiani kwa nguvu kama pombe. Vinatofautiana kwa mlango ambao kila kimoja kinaufunga. Wa kuandika ordonansi ni daktari, lakini mgonjwa anayejua milango ataeleza mambo yatakayomsaidia daktari asikosee. (Kwenye boksi majina yanaandikwa bila ile i ya mwisho, na karvediloli inaanza kwa herufi c.)

Hodi kwenye moyo

Moyo haungoji amri ili upige. Juu, katika chumba chake cha kulia, kuna kijinyama kidogo kiitwacho nodi ya SA ambacho hujianzishia mapigo chenyewe. Kikiachwa bila neva yoyote kukigusa, kwa mtu mzima kingepiga karibu mara 100 kwa dakika. Ukikaa umetulia unahesabu 70 kwa sababu neva ya vagasi inakishikia breki. Ukianza kupanda kutoka soko la Kadutu na gunia kichwani, kwanza breki inaachiwa, kisha adrenalini na noradrenalini zinawasili.

Hizi mbili haziingii ndani ya seli za moyo. Zinabisha hodi. Mlango wenyewe ni kipokezi, protini ndefu iliyojipinda na kupita kwenye utando wa seli mara saba. Kipokezi kikiitika, upande wa ndani protini G inaamka, inaamsha kimeng'enya kinachotengeneza mjumbe mdogo aitwaye AMP ya mviringo, na mjumbe huyo anafungua vijia vya sodiamu na kalisiamu. Katika nodi ya SA umeme unajaa upesi zaidi baada ya kila pigo, kwa hiyo pigo linalofuata linawahi. Mwaka 1979 watafiti wa Oxford walieleza mkondo wa umeme unaohusika hapo, na kwa jinsi tabia yake ilivyokuwa tofauti na mikondo mingine, ukabaki na jina la mkondo wa ajabu. Kwenye kuta za moyo mjumbe yule yule anafanya nyama ikaze kwa nguvu zaidi na kulegea mapema, ili chumba kijae tena damu kabla ya pigo jingine.

Milango si ya aina moja. Raymond Ahlquist, Mmarekani, aliigawa mwaka 1948 kuwa alfa na beta, na mwaka 1967 beta nayo ikagawanywa kuwa beta-1 na beta-2. Mgawanyo huo unaonekana kama jambo la darasani, lakini ndio uliomkosesha usingizi yule mama. Katika moyo wenye afya, karibu vipokezi vinne kati ya kila vitano vya beta ni beta-1. Beta-2 imo moyoni pia kwa uchache, lakini makao yake makuu ni kwenye mapafu: hodi ikibishwa pale, njia za hewa zinapanuka. Imo pia kwenye mishipa ya damu ya misuli, kwenye ini linalotoa sukari wakati wa shida, na kwenye misuli ya mikono ambayo hutetemeka ukishtuka. Alfa-1 inakaa kwenye kuta za mishipa ya damu na kuibana.

Familia yote ya vinini hivi inakaa mlangoni kama komeo, adrenalini ibishe wala isisikiwe. James Black, Mskoti, ndiye aliyefungua njia hii. Propranololi yake ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1988 akapewa tuzo ya Nobel. Kwa kulinganisha, basi, uliza mambo mawili kwa kila kinini: kinafunga mlango gani zaidi ya beta-1, na kinatoka mwilini kupitia wapi?

Propranololi: inafunga bila kuchagua

Propranololi inafunga beta-1 na beta-2 sawasawa. Tena inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia hadi kwenye ubongo. Wengine wanaota ndoto mbaya, wengine wanachoka. Haidumu mwilini, baada ya saa 3 hadi 6 nusu yake imeondoka, ndiyo maana kile kinini cha kawaida kinamezwa mara mbili au tatu kwa siku.

Ukisoma hivyo unaweza kusema ni dawa ya zamani ya kuachwa. Mimi sikubali. Kuna wagonjwa ambao ndiyo hasa wanayoihitaji, kwa sababu ya huko kutochagua kwake. Idjwi, kisiwa chetu kwenye Ziwa Kivu, kilijulikana kwa watafiti tangu miaka ya 1960 kwa wingi wa watu wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, kwa kuwa chakula cha pale kilikosa madini joto, yaani ayodini. Chumvi yenye ayodini ilipoenea ilisaidia watoto wengi sana, lakini mwaka 1996 iliripotiwa pia kuwa huku Kivu kulikuwa na wagonjwa ambao tezi zao, zilizozoea njaa ya miaka, zilianza kufanya kazi kupita kiasi. Homoni ya tezi ikizidi inaongeza idadi ya vipokezi vya beta moyoni. Milango inakuwa mingi, na hata hodi ndogo inasikika kama kelele. Mgonjwa wa namna hiyo anakuja akiwa amekonda, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki, mapigo 130 akiwa amekaa. Propranololi inamtuliza moyo na mikono kwa pamoja, na kwa kiwango kikubwa inapunguza kidogo hata ile homoni inayobadilishwa kuwa kali zaidi mwilini. Haitibu tezi yenyewe. Inamstarehesha mpaka dawa ya tezi ishike.

Inatumika pia kuzuia kipandauso kinachorudirudi, kutuliza mikono inayotetemeka kwa kurithi, na kuzuia mishipa ya koo la chakula isipasuke kwa mtu ambaye ini lake limeharibika.

Kwa mwenye pumu, hapana. Na hapana hiyo ina uzito wa pekee: propranololi haizibi njia ya hewa tu, inafunga mlango ule ule ambao pompe ya salbutamoli ingeubisha ili kuokoa. Mgonjwa anapuliza na hakuna anayeitika. Mwenye kisukari anayechoma insulini naye aieleze hali yake mapema, kwa sababu sukari ikishuka, moyo kudunda na mikono kutetemeka ndizo ishara za kumwonya, na propranololi inazificha zote mbili. Jasho peke yake linabaki, kwa kuwa tezi za jasho zinaitwa kwa kemikali nyingine. Basi mgonjwa huyo aambiwe: ukilowa jasho la ghafla, pima sukari.

Atenololi na bisoprololi: zote zinapenda beta-1, lakini si mapacha

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa kuwa zote mbili zinachagua mlango wa moyo na kuuacha ule wa mapafu kwa kiasi kikubwa, zote zinamezwa mara moja kwa siku, na muuza dawa akikosa hii anatoa ile.

Bisoprololi inachagua vizuri kuliko atenololi. Neno "kuchagua" lisikudanganye, maana dozi ikipanda hata bisoprololi inaanza kugusa beta-2, na mwenye pumu haipati bila daktari anayemfuatilia kwa karibu. Lakini kwa mzee ambaye mapafu yake yameharibiwa na moshi wa makala au sigara, na moyo wake unahitaji kufungiwa beta-1, bisoprololi ndiyo ninayofurahi kuiona kwenye ordonansi.

Tofauti ya pili ni njia ya kutokea. Atenololi inayeyuka kwenye maji na inatolewa na figo. Figo zikichoka, na kwa watu wenye tansio (shinikizo la damu lililopanda) ya miaka mingi zinachoka mara nyingi kimya kimya, kinini cha leo kinakutana na cha jana, na mapigo yanashuka hadi 40. Bisoprololi inagawana kazi nusu kwa nusu kati ya ini na figo, kwa hiyo upande mmoja ukidhoofika mwingine unasaidia.

Tofauti ya tatu ni ya uthibitisho, na kwangu ndiyo nzito. Katika utafiti wa CIBIS-II uliotolewa mwaka 1999, wagonjwa 2,647 wenye moyo uliodhoofika walipewa bisoprololi au kinini kitupu, kisicho na dawa ndani, juu ya dawa zao nyingine. Upande wa kinini kitupu walikufa asilimia 17.3, upande wa bisoprololi asilimia 11.8, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa wazi. Atenololi haina ushahidi wa namna hiyo kwa moyo uliodhoofika. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo aliyeandikiwa bisoprololi akapewa atenololi "kwa sababu ni ndugu", hajapewa ndugu. Arudi akaulize.

Atenololi inabaki na nafasi yake. Mara nyingi ndiyo ya bei ndogo, inapatikana, na kwa mtu mwenye figo nzima anayehitaji kutulizwa mapigo au maumivu ya kifua yanayokuja akipanda mlima, inafanya kazi yake. Ila kwa mama mjamzito nasema iepukwe, kwa kuwa inaweza kupunguza ukuaji wa mtoto tumboni. Mjamzito mwenye tansio ana dawa nyingine zilizozoeleka, kama labetaloli, metildopa au nifedipini.

Karvediloli: komeo la milango mitatu

Karvediloli mkia wake umebadilika herufi moja, na kazi yake pia ni tofauti kidogo. Inafunga beta-1, beta-2 na juu yake alfa-1. Kwa kufunga alfa-1 inalegeza mishipa ya damu, hivyo moyo unasukuma dhidi ya kizuizi kidogo zaidi.

Miaka mingi madaktari walifundishwa wasimpe kabisa mtu mwenye moyo dhaifu dawa za familia hii. Ilionekana ni ukatili: moyo umechoka, nawe unaunyima adrenalini? Mwaka 1975 kundi la madaktari wa Göteborg, Sweden, likiongozwa na Finn Waagstein, liliripoti wagonjwa saba waliopata nafuu kwa kufanya hivyo hivyo kilichokatazwa. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini wengine wakubali.

Sababu yake ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kubishiwa hodi usiku na mchana. Moyo ukidhoofika, mwili unamwaga noradrenalini bila kukoma ili kuuhimiza. Seli zikichoka kuitika zinaiondoa milango: beta-1 zinapungua, hata uwiano wa nne kwa moja unashuka kuelekea sita kwa nne. Zile zinazobaki zinazidi kupigiwa kelele, na nyama ya moyo inaendelea kufa. Ukiweka komeo taratibu, moyo unapata usingizi. Baada ya miezi nguvu yake inaanza kurudi. Mwaka 2001 utafiti wa COPERNICUS, wenye wagonjwa 2,289 waliokuwa katika hali mbaya sana ya moyo, ulionyesha karvediloli ikipunguza vifo kwa asilimia 35.

Neno "taratibu" ndilo linalobeba yote. Inaanzwa kwa 3.125 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, na inaongezwa maradufu kila baada ya wiki mbili kama mgonjwa anavumilia, mpaka 25 mara mbili. Bisoprololi kwa kazi hiyo hiyo inaanzwa kwa 1.25. Na haianzwi siku mgonjwa amevimba miguu na hawezi kulala chali. Kwanza maji yatolewe. Nimemwona binti aliyejifungua, moyo wake ukadhoofika wiki chache baada ya uzazi, ugonjwa ambao huku Afrika tunauona mno. Wiki ya kwanza ya karvediloli alisema amekuwa mzito kuliko kabla, akataka kuacha. Mama mkwe wake alimshika mkono kila asubuhi akimwinua kutoka kitandani polepole, kwanza akae, kisha asimame, maana alfa-1 ikifungwa, kusimama ghafla kunaleta kizunguzungu. Mwezi wa nne alikuja amembeba mtoto mgongoni mwenyewe.

Kati ya bisoprololi na karvediloli kwa moyo dhaifu, zote zimethibitishwa, basi angalia mtu. Tansio yake bado iko juu? Naelekea karvediloli. Tansio iko chini, au kifua kina mluzi, au ni mtu anayesahau kinini cha jioni? Naelekea bisoprololi.

Kabla ya kuchagua yoyote

Kwa tansio peke yake, bila ugonjwa wa moyo, dawa hizi hazianzi. Kwa watu weusi hasa, amlodipini au dawa ya kutoa maji inashusha tansio vizuri zaidi kuliko olol ikiwa peke yake. Mwaka 2002 utafiti wa LIFE uliilinganisha atenololi na losatani kwa watu wenye tansio ambao moyo wao ulikuwa umenenepa, na waliokunywa atenololi walipata kiharusi zaidi.

Na roho kupigapiga si ugonjwa, ni habari. Malaria inaharakisha moyo. Upungufu wa damu unauharakisha, kwa kuwa damu nyepesi inabidi izungushwe mara nyingi zaidi. Kuharisha, mimba, tezi, woga, dawa nyingine. Ukimfungia mlango mtu ambaye damu yake imekwisha, unaondoa namba kwenye saa huku hatari inabaki, na pengine unamnyima moyo wake njia pekee iliyomweka hai. Kabla ya kinini chochote, kidole kichomwe, damu ipimwe, kope la chini livutwe liangaliwe kama lina wekundu.

Ukishaandikiwa, jifunze kuhesabu. Kaa dakika tano, weka vidole viwili chini ya dole gumba, hesabu dakika nzima, si robo. Yakiwa chini ya 50, au ukipata kizunguzungu cha kuzimia, au pumzi ikianza kubana, rudi kabla ya kumeza kingine.

Usiache ghafla. Wakati komeo liko mlangoni, seli zinatengeneza milango mipya nyuma yake zikidhani hazisikii. Ukiondoa komeo siku moja, adrenalini inakuta milango mingi kuliko mwanzo, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata maumivu makali ya kifua, hata moyo kusimama. Kuacha kunafanywa kwa wiki moja au mbili, dozi ikipunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Huku kwetu, ambako mzigo wa dawa unaweza kuchelewa njiani na farmasi tatu mfululizo zikakwambia "imekwisha", nawaomba wagonjwa wangu waje vinini vikibaki kumi, wasingoje vibaki viwili.

Yule mama nilimpeleka kwa daktari siku ile ile. Alipewa hewa na dawa nyingine ya kupanua kifua, inayopitia mlango usiofungwa na propranololi. Pumzi iliporudi, daktari alimuuliza jambo ambalo mimi sikuwa nimeuliza: pompe ile huwa anaipuliza mara ngapi kwa siku, hata kabla ya vinini vya jirani? Mara kumi, wakati mwingine zaidi. Salbutamoli nayo inabisha hodi kwa beta-2, na ikipulizwa kwa wingi hivyo hata moyo unaitika. Roho yake ilikuwa ikipigapiga kwa sababu ya pompe, na pompe ilizidi kwa sababu pumu yake haikuwa na dawa ya kuizuia.

Kwa hiyo kati ya vinini vinne hakuna kilichokuwa chake. Alianzishiwa pompe ya steroidi ya asubuhi na jioni, na kwa tansio amlodipini. Wiki tatu baadaye alipanda mwenyewe hadi kituoni. Nilihesabu 76, mgongo kimya. Akafungua tena ncha ya kitenge na kunionyesha kipande cha plaketi, kimekatwa kama kile cha kwanza. Safari hii alikuwa amemsimamia muuzaji na kumwambia aanzie makasi upande wa pili, jina lisiguswe.